Monika, Mama na Bibi wa Imani

Twamkumbuka Monika, mzaliwa wa Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Mumewe alikuwa mpagani, lakini saburi ya mkewe ilimvuta, akabatizwa kabla ya kufa. Mwanawe Augustino alifuata mafundisho ya Mani, na mwaka 383 akamtoroka mama yake usiku, akapanda merikebu kwenda Roma. Monika hakukata tamaa. Alivuka bahari, akamfuata hata Milano, akisali kwa machozi. Usiku wa Pasaka mwaka 387 Askofu Ambrosi aliwabatiza pamoja Augustino na Adeodatus, mjukuu wa Monika. Mwaka ule ule Monika akafariki Ostia, akiomba akumbukwe altareni tu. Basi sisi wazazi na walimu, tusichoke kuwaombea watoto wetu.