Mnyonge Mnyongeni: Maisha ya Jaji Benedicto Kiwanuka

Msomaji mpenzi, mimi kwetu ni pwani, lakini tangu binti yangu aolewe huku bara, kila baada ya miezi michache hunishika hamu ya kuwaona wajukuu, nami hufunga safari hadi Thika. Nyumba yao iko Landless. Jina hilo hunigusa kila ninapolisikia likitajwa na makanga wa matatu, kwani maana yake ni watu wasio na ardhi. Nitalirudia jina hili baadaye.

Safari hii nilikwenda kunyoa kwa kinyozi wa mtaani, nikakuta mabishano yamepamba moto. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amekasirika kweli kweli. Alitaka aelezwe majaji wamechaguliwa na nani, hata wakapata uwezo wa kuzuia mambo ya serikali iliyopigiwa kura na mamilioni ya watu. Wenzake wakamuitikia. Kinyozi akanigeukia, akaniuliza mimi mzee wa magazeti naonaje. Nami nilikuwa na povu hadi masikioni, sikuweza kusema la maana. Jibu langu ndilo hili, na nitalitoa kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja wa Uganda, hayati Benedicto Kiwanuka.

Kiwanuka alizaliwa mwaka 1922 upande wa Masaka, katika Buganda, kwenye nyumba ya Wakatoliki. Hakuwa mtoto wa jumba la mfalme. Vita vya Pili vya Dunia vilipochacha aliingia jeshini akiwa kijana wa miaka 20, akafika hadi Mashariki ya Kati. Vita vilipokwisha alirudi nyumbani, akapata kazi ya ukalimani katika Mahakama Kuu ya Kampala. Hebu mfikirie, msomaji, kijana huyo amesimama kati ya hakimu Mzungu na mshitakiwa Mwafrika, akichukua maneno ya huyu kumpa yule. Huko ndiko alikoiona sheria kwa karibu, na nguvu ya neno moja linapotoka kinywani mwa jaji.

Hakuridhika na kutafsiri maneno ya wengine. Mwaka 1950 alikwenda Basutoland, nchi inayoitwa leo Lesotho, akasoma katika chuo cha Kikatoliki kilichoko Roma, mji wa huko. Kisha akavuka bahari hadi London kusomea sheria, na mwaka 1956 akarudi Kampala akiwa wakili kamili.

Siasa haikumwacha akae. Mwaka 1958 alichaguliwa kuwa rais wa Democratic Party, yaani DP, chama ambacho wapinzani wake walikikejeli kwa kukiita Dini ya Papa kwa kuwa Wakatoliki walikuwa wengi ndani yake. Mwaka 1961 ulifanywa uchaguzi, na serikali ya Kabaka ikawaambia Waganda wasipige kura. Wachache waliothubutu kwenda waliipa DP karibu viti vyote vya Buganda. Kwa hiyo, ijapokuwa chama cha UPC cha Milton Obote kilipata kura nyingi zaidi katika nchi nzima, viti vingi vilikuwa vya Kiwanuka. Akawa kiongozi wa serikali, na tarehe 1 Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda yenye madaraka ya ndani.

Utamu huo haukudumu. Wakuu wa Mengo hawakuvumilia mtu wa kawaida kuwa juu ya mfalme wao. Walishikana mkono na Obote, na katika uchaguzi wa Aprili mwaka huohuo DP ikaanguka. Bendera ya uhuru ilipopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, Waziri Mkuu alikuwa Obote.

Mapatano ya Obote na Mengo nayo yakavunjika. Mwaka 1966 Obote aliitupa katiba ya uhuru akaleta yake, na mwezi Mei jeshi likiongozwa na Idi Amin likalivamia jumba la Kabaka, naye akakimbilia Uingereza. Mtu mmoja aliyewekwa kizuizini, jina lake Matovu, alipeleka malalamiko mahakamani, na swali likawa kama katiba hiyo mpya ilikuwa halali. Mahakama Kuu ikajibu kwamba ilikuwa halali, kwa sababu yalikuwa mapinduzi na mapinduzi yalikuwa yamefaulu. Nakuomba ulikumbuke jibu hilo. Mahakama ikishasema kwamba aliyeshinda kwa nguvu ndiye mwenye sheria, huwa imempa ruhusa na mwingine mwenye nguvu zaidi aje ajaribu bahati yake.

Kiwanuka aliendelea kumpinga Obote kwa maneno. Mwaka 1969 vyama vya upinzani vilipigwa marufuku, naye akatiwa kizuizini. Alikaa huko mpaka Amin alipopindua serikali tarehe 25 Januari 1971 na kuwafungulia wafungwa wa siasa. Mwezi Juni mwaka huohuo Amin alimteua kuwa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kukalia kiti hicho.

Wapo wanaomlaumu kwa kupokea cheo kutoka kwa askari aliyetawala kwa amri bila bunge. Lawama hiyo si ya kupuuzwa. Walakini, mtu aliyetoka kizuizini bila kufikishwa mbele ya hakimu alijua fika mahakama ni ya nini. Pengine alidhani ataweza kulinda kitu kidogo katikati ya tufani. Nami naona mtu hapimwi kwa kiti alichopewa bali kwa alilolitenda alipokikalia.

Mtihani ulifika Septemba 1972. Wakati huo ulikuwa mbaya. Mwezi Agosti Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia, na tarehe 17 Septemba wafuasi wa Obote wakavuka mpaka kutoka Tanzania wakijaribu kumwangusha, wakashindwa. Askari wakawa wakali, watu wakawa wanachukuliwa njiani. Miongoni mwa waliokamatwa na askari siku hizo alikuwa Mwingereza mmoja mfanyabiashara, kwa jina Stewart. Mawakili wakaiomba Mahakama Kuu itoe ile amri ya zamani ya kutaka mahabusu aletwe mbele ya jaji, na aliyemfunga aeleze kwa sheria gani. Kiwanuka aliisikiliza kesi, akaamua kwamba jeshi halikuwa na uwezo wa kumkamata mtu huyo, na kwamba aachiliwe.

Hapa ndipo panaponishangaza mimi. Huyo hakuwa jamaa yake, hakuwa wa chama chake, hata Mganda hakuwa. Alikuwa mgeni, tena wa taifa lililokuwa likitukanwa redioni kila siku. Ingekuwa rahisi kusema shauri hili halinihusu. Wazee wetu wana msemo kwamba mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Kiwanuka aliufuata msemo huo huku mtutu wa bunduki ukimtazama.

Asubuhi ya tarehe 21 Septemba 1972 watu wenye silaha, wamevaa kiraia, waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamtoa Jaji Mkuu ofisini mwake mchana kweupe. Inasimuliwa kwamba walimvua viatu, wakamsukumiza ndani ya gari, wakaondoka naye. Hakuonekana tena. Serikali ilikana, ikawasingizia waasi. Maiti yake haikupatikana hadi leo, wala mjane na watoto wake hawakupewa kaburi la kuzuru. Alikuwa na miaka 50. Jengo alimoanzia kazi ya ukalimani ndimo alimochukuliwa.

Katika chuo nilichosomea Kurani utotoni, maalimu alitufundisha kwamba makadhi ni wa namna tatu. Anayeijua haki akaipinda ni wa motoni, na anayehukumu kwa ujinga naye ni wa motoni. Aliyeokoka ni yule aijuaye haki na akaihukumia. Maalimu hakutuambia kwamba huyo wa tatu huenda akalipa kwa roho yake. Tulilijua hilo tulipokua.

Sasa nirudi Landless, kwa kijana wangu wa bodaboda. Mapema katika miaka ya 1920 Wakikuyu wawili waliogombania shamba walifika mbele ya Jaji Mkuu wa Kenya, Sir Jacob Barth. Yeye akatamka kwamba tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1915 na kufanywa Kenya koloni, haki zote za wenyeji katika ardhi zilikwisha, nao wamebaki wapangaji wa Mfalme wa Uingereza kwa hiari yake. Huyo alikuwa jaji asiyeisumbua serikali. Hukumu ile iliwaacha watu bila pa kulalamikia ardhi yao.

Na si mambo ya kale tu. Mwaka 2024 vijana walipokuwa wakinyakuliwa nchini Kenya na watu wasio na sare, Mahakama Kuu ya Nairobi ilimwita kaimu mkuu wa polisi aje aeleze walipo watu watatu waliotoweka. Alipokataa kufika mara kwa mara, jaji alimhukumu kifungo cha miezi 6. Haikupita muda watu hao wakaonekana wakiwa hai, naye kaimu mkuu akafika mahakamani akaomba radhi. Ile amri iliyomgharimu Kiwanuka roho ndiyo hiyohiyo.

Ni kweli, mwanangu, majaji hawakupigiwa kura, na wapo wanaokosea, na wapo wanaokula rushwa. Waseme watu, wasinyamaze. Lakini jaji hana jeshi, hana polisi, hana hazina. Ana neno lake tu, na neno hilo lina nguvu maadamu wenye bunduki wanaliheshimu. Siku utakapotolewa juu ya pikipiki yako usiku na watu usiowajua, wale mamilioni waliopiga kura hawatajua ulipo. Atakayeweza kuuliza uko wapi, na akataka jibu, ni mtu mmoja amekaa kwenye kiti. Muombe Mungu asiwe mtu wa kufumba macho.

Nitakaporudi Thika nitakwenda tena kwa kinyozi yuleyule. Safari hii nitajibu kabla sijapakwa povu.