Zhang Chongren: Mchina aliyemfundisha Hergé kutazama kabla ya kuchora

SCHAERBEEK, Brussels

Mwaka 1932 kijana wa Kibelgiji aitwaye Georges Remi alifunga ndoa na kuhamia na mkewe katika mtaa wa rue Knapen, hapa Schaerbeek. Dunia inamfahamu kwa jina la Hergé, baba wa Tintin. Ndugu zetu wa Kongo wanamfahamu pia kwa jambo ambalo halifurahishi: ndiye aliyetuchora katika kitabu cha Tintin nchini Kongo, midomo minene, akili za kitoto, mzungu mdogo akibebwa juu juu kama mfalme.

Leo, ndugu msomaji, hatumzungumzii Hergé bali mtu aliyembadilisha. Huyo ni marehemu Zhang Chongren, mchoraji na mchongaji sanamu kutoka Shanghai. Wengi wamemsoma bila kujua kwamba ni mtu wa kweli, kwani ndiye yule kijana Tchang wa vitabu vya Tintin.

Zhang alizaliwa tarehe 27 Septemba 1907 katika eneo la Xujiahui, Shanghai, kwenye familia ya Kikatoliki. Alifiwa na mama yake akiwa bado mdogo. Alisomea Tushanwan, kituo cha yatima kilichoendeshwa na mapadri Wajesuiti, ambako vijana walifundishwa kazi za mikono: uchongaji wa mbao, uchapaji, picha na uchoraji wa Kizungu. Hivyo Zhang alikua na shule mbili kichwani. Moja ilikuwa ya Ulaya, na nyingine ilikuwa ya kwao, ya brashi na wino.

Hiyo ya pili inahitaji maelezo kidogo. Mchoraji wa jadi wa Uchina alitumia vyombo vilevile vya mwandishi: brashi, wino, karatasi na jiwe la kusagia wino. Kuandika na kuchora vilikuwa kazi mbili za mkono mmoja, na ndiyo maana picha nyingi zina maneno pembeni. Wino ukigusa karatasi haufutiki, kwa hiyo mchoraji hutazama kwanza, hutafakari, ndipo hushusha mkono. Kuna mtindo wa taratibu unaoonyesha kila unyoya wa ndege, na kuna mtindo wa haraka unaotafuta roho ya kitu kwa mistari michache tu. Mada zake kuu ni milima na maji, maua na ndege, na watu. Mianzi huchorwa sana kwa sababu huinama kwa upepo bila kuvunjika, na watu wakaifanya mfano wa muungwana. Katika karne ya sita mwanazuoni Xie He aliandika kanuni sita za uchoraji, na ya kwanza inahusu uhai wa picha, si kufanana tu.

Sanaa hiyo ilivuka hadi Korea na Japani, na kila nchi ikaifanya yake. Mkorea Jeong Seon (1676–1759) alichora milima ya nchi yake kama ilivyo, badala ya kunakili milima ya Uchina kutoka vitabuni. Mjapani Hokusai (1760–1849) alichora wimbi na mlima Fuji katika picha za kuchapwa kwa mbao, ambazo baadaye ziliwashangaza wachoraji wa Ulaya. Hata Afrika Mashariki imo. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa Uchina, mwaka mmoja tu baada ya mwingine kupelekwa kutoka Bengal. Picha ya twiga ya enzi hiyo ingali inajulikana hadi leo, na ukiitazama utamtambua mnyama wetu mara moja.

Zhang alifika Brussels mwaka 1931 kwa ufadhili wa masomo na kuingia Chuo cha Sanaa cha Kifalme, akasomea uchoraji kisha uchongaji. Mwaka huohuo, Septemba 18, jeshi la Japani lilitumia mlipuko wa reli karibu na Mukden kama kisingizio cha kuiteka Manchuria. Magazeti mengi ya Ulaya yalilipokea lile lililosemwa na Japani. Zhang alikuwa ugenini, nchi yake inavamiwa, na wenyeji wake wanasoma habari iliyopinduliwa. Sisi tunaoishi mbali na makwetu tunalijua jambo hilo vizuri.

Wakati huo Hergé alikuwa akichora katika gazeti la watoto la Le Petit Vingtième. Hadithi ya Kongo ilitoka humo kati ya 1930 na 1931. Hakuwahi kukanyaga Kongo wala kukaa na Mkongo kumuuliza lolote. Alichukua yaliyosemwa mitaani kwake na yaliyowekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, akayageuza kuwa nchi. Wachina nao hawakupona: katika hadithi ya kwanza ya Tintin, ile ya Urusi, waliletwa kama watesaji wenye misuko mirefu.

Mwaka 1934 ilitangazwa kwamba Tintin atakwenda Mashariki ya Mbali. Padri Léon Gosset, mlezi wa wanafunzi wa Kichina wa Chuo Kikuu cha Leuven, akaingiwa na hofu. Alimwandikia Hergé kumwomba aifahamu nchi hiyo kwanza, na ndipo akamkutanisha na Zhang. Siku yenyewe ilikuwa Mei 1, 1934. Wote wawili walikuwa na umri wa miaka 26.

Tangu hapo Zhang alikuwa akimtembelea Hergé mara kwa mara siku za Jumapili. Alimweleza historia ya Uchina, nguo, nyumba, mitaa na siasa. Alimpa brashi na kumwonyesha namna ya kuitumia. Maandishi ya Kichina yanayoonekana ukutani na kwenye mabango katika kitabu cha Le Lotus bleu aliyaandika Zhang, na baadhi yanaukemea ubeberu na kuwataka watu wasusie bidhaa za Japani. Wasomaji wa Brussels hawakuyaelewa, lakini Mchina yeyote aliyafahamu.

Hadithi hiyo ilichapishwa kuanzia Agosti 1934 hadi Oktoba 1935. Humo mlipuko wa reli unaonyeshwa kuwa kazi ya Wajapani wenyewe, na wanadiplomasia wa Japani wakalalamika. Kuna pia ukurasa ambapo Tintin na Tchang wanachekeana wakisimuliana uongo ambao watu wao wanaambiana kuhusu wengine. Hata hivyo haki idai pande zote: katika kitabu hichohicho Wajapani wamechorwa kwa dhihaka ileile ya zamani, meno nje. Jicho la Hergé lilifunguka upande ule aliokuwa na rafiki.

Zhang alimaliza masomo mwaka 1935 na kurudi Shanghai, akafungua karakana yake na kufundisha. Kisha ikaja vita kamili na Japani mwaka 1937, halafu vita vya wenyewe kwa wenyewe, halafu utawala wa Kikomunisti. Mawasiliano yakakatika. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, yaliyoanza 1966, msanii Mkatoliki aliyesoma Ulaya hakuweza kusalimika, naye akapitia madhila.

Huku Ubelgiji Hergé hakumsahau. Mwaka 1958, akiwa katika kipindi kigumu cha maisha yake, alianza hadithi ya Tintin huko Tibet. Ndege imeanguka Himalaya, kila mtu anaamini Tchang amekufa, Tintin peke yake anakataa na kumfuata thelujini. Hakuna adui katika kitabu hicho, kuna rafiki anayetafutwa tu.

Walikuja kuonana tena Machi 18, 1981 katika uwanja wa ndege wa Brussels, mbele ya waandishi wa habari wengi. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 45. Hergé alikuwa mgonjwa tayari, akafariki Machi 3, 1983. Zhang alihamia Ufaransa mwaka 1985, akachonga sanamu ya kichwa ya Rais François Mitterrand na ya rafiki yake Hergé, na mwaka 1989 akapata uraia wa Ufaransa. Alifariki Oktoba 8, 1998 huko Nogent-sur-Marne, akiwa na miaka 91. Shanghai imemjengea jumba la kumbukumbu huko Qibao.

Na Kongo je? Mwaka 1946 Hergé alikichora upya kitabu kile. Somo la Tintin kuwafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji likageuzwa kuwa hesabu. Sura zetu zikabaki vilevile. Mwaka 2007 Mkongo mmoja aishiye Ubelgiji alifungua mashtaka, na mwaka 2012 mahakama ya Brussels ikayatupa.

Kati ya Kongo ya 1930 na Shanghai ya 1934 ni miaka minne tu. Kalamu ilikuwa ileile na gazeti lilelile. Kilichozidi ni Jumapili kadhaa mezani pamoja na mwenye nchi. Wachina walipata padri aliyeandika barua na mwanafunzi aliyekubali kwenda kueleza. Sisi hatukuulizwa, na aliyetuchora hakuona sababu ya kuuliza. Ndugu zetu mlioko Brussels, Paris na London, mkialikwa mezani msinyamaze.