Jaco Pastorius, Mpiga Gitaa la Besi

Katika bendi nyingi mpiga gitaa la besi husimama nyuma. Gitaa lake lina nyuzi nne nene, na kazi yake ni kama msingi wa nyumba: watu hawautazami, lakini pasipo msingi nyumba huanguka. Hizi ni habari za mtu aliyelileta gitaa hilo mbele.

John Francis Pastorius, ambaye watu walimwita Jaco, alizaliwa tarehe 1 Desemba, 1951, katika mji wa Norristown, Marekani. Alipokuwa bado mtoto wazazi wake walihamia Florida, jimbo la kusini lililo karibu na kisiwa cha Cuba. Baba yake alikuwa mpiga ngoma na mwimbaji, na Jaco naye akaanza na ngoma. Lakini alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi aliumia kifundo cha mkono katika mchezo wa mpira wa Kimarekani, na kupiga ngoma kukawa kugumu. Mwingine angalikata tamaa. Yeye akashika gitaa la besi.

Kwenye shingo ya gitaa hilo kuna vyuma vyembamba vinavyomwonyesha mpigaji mahali pa kila sauti. Jaco alicheza gitaa lisilo na vyuma hivyo, akaziba mianya yake, kisha akapaka juu yake dawa ngumu kama ile ya kupakia mashua. Sasa sauti ziliweza kuteleza kama za mtu aimbaye. Lakini kidole kikikosea kidogo tu, kila mtu husikia. Basi ilimpasa kujizoeza sana.

Mwaka 1975 alisikiwa na Bobby Colomby, mpiga ngoma wa bendi ya Blood, Sweat & Tears, ambaye alimsaidia kutengeneza santuri yake mwenyewe. Ilitoka mwaka 1976, na iliitwa kwa jina lake tu. Ndani yake mna mambo ya kila namna. Wimbo wa kwanza, Donna Lee, ni wa jazi, nao hupigwa kwa kasi na watu wengi kwa tarumbeta; Jaco aliupiga kwa besi, akisindikizwa na ngoma za Don Alias peke yake. Wimbo wa pili ni wa kucheza dansi, nao waimbaji wake ni Sam na Dave. Mwingine una ngoma za chuma za Trinidad. Mwingine umepewa jina la okonkolo, ngoma ndogo ambayo watumwa wa Kiyoruba waliipeleka Cuba kutoka Afrika. Na katika Portrait of Tracy gitaa la besi li peke yake, likitoa sauti nyembamba kama kengele, kwa uzi kuguswa kidogo tu bila kukandamizwa.

Mwaka huo huo aliingia katika bendi ya Weather Report, na santuri yao ya mwaka 1977, Heavy Weather, ikasikika duniani kote. Wapiga besi wengi waliacha mtindo wao wakafuata wake.

Lakini kipaji si kinga. Mwaka 1982 madaktari walitambua kwamba Jaco alikuwa na ugonjwa wa akili, ule unaomfanya mtu mara awe na nguvu za kupita kiasi, mara azame katika huzuni. Ulevi ukauzidisha. Alipoteza kazi, akawa akilala nje katika viwanja vya New York, na hata gitaa lake likaibwa mwaka 1986. Mwezi wa Septemba, 1987, huko Florida, aligombana na mlinzi wa klabu moja ya usiku, akapigwa vibaya sana. Alifariki tarehe 21 mwezi huo, umri wake miaka 35.

Wako waliomcheka alipokuwa akitangatanga, wakidhani ni utundu tu, kumbe alikuwa mgonjwa. Basi, ndugu msomaji, ukimwona mwenzako mwenye akili nyingi anaanza kubadilika, usimcheke wala usimkimbie. Mpeleke kwa wawezao kumsaidia mapema. Na wewe uliyewekwa nyuma, usiidharau nafasi yako. Jaco alikuwa na nyuzi nne tu.