Euclide, Mwalimu wa Alexandria

Zamani, katika nchi ya Misri, mto Nili ulifurika kila mwaka na maji yakafuta mipaka ya mashamba. Maji yalipopungua, wapimaji walikuja na kamba zao wakapima tena, ili kila mtu arudishiwe shamba lake. Wagriki walisema kwamba elimu ya jeometri ilizaliwa katika kazi hiyo, na katika lugha yao jina hilo maana yake ni kupima ardhi.

Huko Misri, kando ya bahari, Alexandro Mkubwa alianzisha mji wa Alexandria, mwaka 331 mbele ya kuzaliwa kwake Yezu Kristu. Alipokufa, jemadari wake Ptolemeo akawa mfalme wa Misri. Euclide alifundisha katika mji huo, karibu na mwaka 300 mbele ya Yezu. Wazazi wake hawajulikani, wala mahali alipozaliwa. Kilichobaki ni kitabu chake.

Wagriki waliomtangulia walikuwa wamekwisha kuvumbua mengi, lakini mambo yao yalitawanyika kama matofali uwanjani. Euclide aliyajengea nyumba moja ya vitabu 13, na kila neno ndani yake linakaa juu ya neno lililothibitishwa kabla yake.

Lakini nyumba inataka msingi. Mtu akiulizwa sababu, kisha sababu ya sababu ile, hatafika mwisho kamwe. Kwa hiyo Euclide alichagua maneno machache, akamwomba msomaji ayakubali bila ushahidi. Ndiyo maana Wagriki waliyaita maombi. Yalikuwa matano.

La kwanza: toka nukta moja mpaka nukta nyingine yoyote mtu aweza kuchora mstari mnyoofu. La pili: mstari huo waweza kuendelezwa mbele. La tatu: kwa kitovu chochote na upana wowote mtu aweza kuchora duara. La nne: pembe za mraba zote ni sawa. Hayo, hata mtoto mwenye kamba na vijiti viwili huyakubali mara moja.

La tano ni refu. Mstari mmoja ukikata mistari miwili, na pembe mbili za ndani za upande mmoja zikijumlishwa zikapungua pembe mbili za mraba, basi mistari ile miwili ikiendelezwa itakutana upande huo. Itakutana wapi? Pengine mbali sana, jicho lisipofika. Euclide mwenyewe hakulitumia upesi. Katika kitabu cha kwanza alithibitisha mambo 28 bila hilo, akalishika katika jambo la 29.

Husimuliwa kwamba Mfalme Ptolemeo alimwuliza kama hakuna njia fupi ya kujifunza, naye akamjibu kwamba katika jeometri wafalme hawana njia yao. Mwanafunzi mmoja alitaka kujua faida ya masomo hayo. Euclide akamwamuru mtumwa ampe sarafu tatu ndogo, kwa kuwa mtu yule hakuweza kujifunza bila malipo.

Kitabu chake kilitembea kuliko yeye. Waarabu walikifasiri, kisha kikaingia katika Kilatini, na mwaka 1482 kikapigwa chapa Venice. Mwaka 1607, huko Beijing, Padri Matteo Ricci, Myezuiti, pamoja na Mkristu Xu Guangqi, walitoa vitabu sita vya kwanza katika Kichina.

Lakini lile ombi la tano liliwasumbua wenye akili. Waliona kwamba si ombi, ila jambo la kuthibitishwa kwa yale manne, na kwamba Euclide alishindwa tu. Wengi walijaribu. Mwaka 1733 Padri Saccheri, Myezuiti wa Italia, alitoa kitabu cha kumwondolea Euclide kila doa. Alijifanya kulikana ombi la tano, akitumaini kuona mambo yakipingana. Aliona mambo mageni sana, lakini yenye kupingana kweli hakuyapata. Akakata shauri tu kwamba hayapatani na mstari mnyoofu. Mwaka huohuo akafa.

Karne iliyofuata Lobachevsky wa Urusi na Bolyai wa Hungaria waliandika, kila mmoja peke yake, jeometri isiyofuata ombi la tano. Mwaka 1868 Beltrami, mtu wa Italia, alionyesha kwamba jeometri hiyo yaweza kusimama, wala ombi la tano haliwezi kutolewa katika yale manne. Euclide alikuwa amefanya sawa kuliomba.