Maisha ya Charles Schulz, Mchoraji wa Picha za Kuchekesha

Muhula uliopita mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili aliniletea picha nne za kuchekesha ili nizitie katika gazeti letu. Zilionyesha mvulana akilikimbiza daftari lake lililopeperushwa na upepo wetu huu wa Dodoma. Katika picha ya mwisho daftari limenasa juu katika miiba ya mgunga, naye amesimama chini akilitazama. Nilimrudishia, nikamwambia kwamba hazichekeshi. Tangu siku ile sijamwona akichora tena. Wakati wa likizo nilisoma maisha ya Bwana Charles Schulz, nikaona haya. Ndiyo sababu naandika habari hizi.

Schulz alizaliwa tarehe 26 Novemba, 1922, katika mji wa Minneapolis, Marekani. Baba yake alikuwa kinyozi, na siku za Jumapili baba na mwana walisoma pamoja picha za kuchekesha magazetini. Shuleni alikuwa kijana mwenye haya, na masomo mengine yalimshinda. Alipokuwa sekondari alichora picha kwa ajili ya kitabu cha mwaka cha shule yake, lakini hazikuchapwa. Akajifunza kuchora kwa njia ya posta, na huko nako sehemu ya kuchora watoto haikumpa alama za kujivunia. Mwaka 1943 aliitwa jeshini, na siku zile zile mama yake akafa kwa saratani.

Aliporudi kutoka vitani aliendelea kuwapelekea wahariri michoro yake, wala hakukata tamaa iliporudishwa. Tarehe 2 Oktoba, 1950, picha zake zilizoitwa Peanuts zilianza kutoka katika magazeti saba. Wahusika wake ni watoto, na mkuu wao ni Charlie Brown, mvulana ambaye karibu kila jambo humshinda.

Watu wengi hudhani kwamba mzaha humjia mtu ghafula kama chafya. Schulz hakuungoja. Aliketi mezani na karatasi na kalamu, akichorachora watoto wake na mbwa Snoopy, huku akiwaza, mpaka wazo likatokea. Kisha wazo hilo halina budi kuenea katika vyumba vinne. Cha kwanza humpa msomaji habari, cha pili na cha tatu humpeleka mbele, na cha nne humfikisha asikotazamia. Maneno nayo yafaa yawe machache, kwa kuwa nafasi ni ndogo.

Tuchukue mzaha wake mmoja unaojulikana sana. Lucy humshikia Charlie Brown mpira ili aupige teke. Mvulana huja mbio, Lucy huuondoa, naye huanguka chali. Jambo hili lilirudiwa karibu kila mwaka, na msomaji alijua tangu mwanzo litakalotokea. Kichekesho kilikuwa katika hila mpya ya Lucy ya kumshawishi, na katika moyo wa Charlie Brown usiokoma kutumaini. Kadhalika, msichana aliyekataa kuolewa na Schulz aligeuka katika picha kuwa msichana mwenye nywele nyekundu, ambaye Charlie Brown hathubutu kusema naye. Yaliyomuumiza ndiyo aliyoyafanyia kazi.

Kwa miaka karibu 50 Schulz alitunga na kuchora habari za picha 17,897 kwa mkono wake mwenyewe, hata mkono ulipoanza kutetemeka. Zilifika katika magazeti zaidi ya 2,600. Alifariki tarehe 12 Februari, 2000, na picha zake za mwisho zilitoka gazetini siku iliyofuata.

Sasa nimezielewa picha za mwenzetu. Ni nani kati yetu hajalikimbiza daftari katika upepo huu? Nilitafuta mtu wa kumcheka, wala sikutambua kwamba mtu yule ni mimi. Ndugu yangu, kama hukuzichoma, zilete. Ukipenda, muhula ujao umpe mvulana wako daftari jipya, na upepo ulichukue tena. Nafasi ya vyumba vinne nimekuwekea.