Matisse: Mgonjwa aliyeleta bahari ukutani

DOA lililokuwa ukutani ndilo lililoanzisha yote. Mnamo 1946 mchoraji Henri Matisse, aliyekuwa na umri wa miaka 76, alikuwa akiishi katika barabara ya Montparnasse jijini Paris, afya ikiwa imemtupa mkono. Alitwaa mkasi, akakata umbo la mbayuwayu kutoka kwa karatasi nyeupe, kisha akataka lichomekwe ukutani kwa pini ili lifiche doa hilo.

Mbayuwayu huyo hakukaa pweke. Samaki walifuata, kisha mwani na matumbawe, hadi kuta mbili zikajaa. Hiyo ilikuwa bahari ya Tahiti, ambayo Matisse aliizuru mwaka wa 1930 na kuogelea humo, na ambayo kumbukumbu zake zilikuwa zimelala moyoni mwake kwa miaka 16.

Matisse alizaliwa Desemba 31, 1869 mjini Le Cateau-Cambrésis, kaskazini mwa Ufaransa, akalelewa Bohain, mji uliosifika kwa wafumaji wa vitambaa. Babake, mfanyabiashara wa nafaka, alitaka mwanawe afuate taaluma ya sheria. Kijana alitii. Alisomea sheria jijini Paris, kisha akawa karani katika ofisi ya wakili mjini Saint-Quentin.

Pengine angezeekea humo lau si maradhi ya kibole yaliyomlaza kitandani akiwa na umri wa takriban miaka 20. Mamake alimpa kisanduku cha rangi ili apitishe muda. Kutoka siku hiyo sheria ilimtoka akilini, na babake hakufurahi hata kidogo.

Kufikia 1905 alikuwa ametambulika jijini Paris, japo kwa kejeli. Yeye na wenzake walitumia rangi kali kiasi cha kubandikwa jina la wanyama-mwitu. Umaarufu ulikuja polepole, pamoja na fedha.

Ujuzi wake wa karatasi ulianzia kwenye ukuta wa mtu mwingine. Mnamo 1930 tajiri Mmarekani, Albert Barnes, alimwagiza apambe ukuta wa jumba lake la sanaa mjini Merion, Pennsylvania. Mchoro ulikuwa mkubwa mno. Ili asifute na kupaka upya kila alipobadili nia, Matisse alikata vipande vya karatasi iliyopakwa rangi, akawa anavihamisha huku na kule hadi aridhike. Jambo la kusikitisha ni kwamba vipimo vya ukuta vilikuwa na kosa, ikabidi aanze kazi upya. Mchoro ulipowekwa hatimaye mwaka wa 1933, karatasi zilikuwa zimefanya kazi ya kiunzi tu. Hakuna aliyezihesabu kuwa sanaa.

Mambo yalibadilika Januari 1941. Matisse alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tumbo mjini Lyon, akanusurika kwa tundu la sindano. Tangu hapo hakuweza kusimama kwa muda mrefu mbele ya turubai, na siku zake nyingi alizipitisha kitandani au katika kiti cha magurudumu.

Vita navyo havikumpa nafasi ya kupumua. Mnamo 1943 aliuhama mji wa Nice kwa hofu ya mabomu, akahamia Vence. Mwaka uliofuata mkewe, Amélie, ambaye tayari walikuwa wametengana, na binti yake, Marguerite, walitiwa mbaroni na Wajerumani kwa kuwasaidia wapiganaji wa ukombozi. Marguerite aliteswa vibaya kabla ya kuponyoka.

Ni katika kipindi hicho ndipo mkasi uliposhika nafasi ya brashi. Wasaidizi wake, akiwemo Lydia Delectorskaya, mzaliwa wa Urusi, walipaka karatasi rangi nzito za maji. Mzee alikata maumbo bila kuyachora kwanza, nao wakayachomeka ukutani kwa pini huku yeye akiwaelekeza kwa ufito mrefu: hili lipandishwe, lile lisogezwe, jingine liondolewe kabisa. Vipande vingi vilijaa matundu ya pini kwa jinsi vilivyohamishwa. Havikubanwa sana, hivyo upepo ulipoingia dirishani, vilitikisika kama majani.

Wapo wahakiki waliodai kwamba huo ulikuwa mchezo wa mzee aliyechoka. Lawama hiyo ilikuwa ya haraka. Mtu aliyeizoea rangi kwa zaidi ya nusu karne hakati karatasi kama mtoto wa chekechea, hata kama mkasi ni uleule. Isitoshe, macho yake yalikuwa yamefunzwa na vitambaa, vikiwemo vile vya Wakuba wa Kongo vilivyofumwa kwa nyuzi za mwale, ambavyo alivitundika ukutani na kuvitazama kwa saa nyingi.

Mnamo 1949 alirejea Nice, katika jumba la Régina. Majira ya joto ya 1952, aliomba apelekwe Cannes akatazame watu wakipiga mbizi katika kidimbwi cha kuogelea. Jua lilikuwa kali mno kwake, ikabidi arudi. Alipofika nyumbani aliamua kujitengenezea kidimbwi chake mwenyewe.

Katika chumba cha kulia, ambacho kuta zake zilifunikwa kwa kitambaa cha gunia, wasaidizi walizungusha utepe wa karatasi nyeupe juu kidogo ya kichwa cha mtu. Juu yake Matisse aliweka waogeleaji wa buluu, wengine wakiruka, wengine wakizama, hadi maji yakakizunguka chumba kwa urefu wa takriban mita 16. Mtu asiyeweza kutembea alikula chakula chake akiwa katikati ya bahari.

Aliaga dunia mjini Nice mnamo Novemba 3, 1954, akiwa na umri wa miaka 84. Kazi zilizokuwa zimeshikiliwa na pini zililazimika kubandikwa kwa gundi ili ziweze kusafirishwa na kuuzwa, na hapo uhuru wa kuzihamisha ukakoma. Si kwamba wenye majumba ya sanaa walizielewa mara moja: mnamo 1961 jumba la Museum of Modern Art jijini New York lilitundika kazi yake ya mashua juu chini kwa siku 47 kabla ya mgeni mmoja kugundua kosa hilo.

Jumba hilohilo lilinunua kidimbwi cha Nice mwaka wa 1975. Gunia lilikuwa likizidi kuwa jeusi kwa uzee, na mafundi walitumia miaka kadhaa kuondoa vipande vya buluu na kuviweka juu ya gunia jipya. Kilirudi mbele ya watu mwaka wa 2014, katika chumba kilichojengwa kwa mfano wa kile alichokuwa akilia chakula chake.