Dally Messenger: mtoto wa fundi mitumbwi aliyeipa nguvu ligi ya kwanza ya ragbi ya 13 mjini Sydney

Kila mwaka nchini Australia, mchezaji bora wa ligi ya ragbi ya wachezaji 13 hupewa medali inayoitwa Dally M. Wengi wanaoitazama sherehe hiyo kwenye televisheni hawajawahi kumuona mwenye jina. Ni Herbert Henry Messenger, aliyefariki mwaka wa 1959. Mwaka wa 1907, akiwa na miaka 24 na akiwa mchezaji anayependwa kuliko wote mjini Sydney, aliliacha shirikisho kubwa la ragbi na kujiunga na kundi dogo la watu waliodai kwamba mchezaji anayeumia kiwanjani asirudishwe nyumbani mikono mitupu. Miezi minane baadaye, mashindano ya klabu ya ragbi ya 13 yalianza mjini humo. Yangali yanaendelea hadi leo.

Mtoto wa karakana ya mitumbwi

Messenger alizaliwa tarehe 12 mwezi wa nne 1883, Balmain, mtaa wa wafanyakazi karibu na bandari ya Sydney. Baba yake, Charles Amos Messenger, alikuwa fundi wa kutengeneza mitumbwi, na pia mpiga makasia aliyeshindana kwa pesa. Babu yake naye, James Messenger, alikuwa amepata ubingwa wa mbio za mitumbwi huko Uingereza. Katika familia hiyo, mtu kulipwa kwa sababu ya nguvu za mikono yake halikuwa jambo la aibu. Ndilo lililokuwa linaleta chakula mezani.

Jina la Dally alilipata akiwa bado mtoto mdogo. Alikuwa na tumbo kubwa, na watu wakamfananisha na mwanasiasa mmoja maarufu wa Sydney, William Bede Dalley, ambaye naye alijulikana kwa unene wake. Tumbo liliisha, jina likabaki.

Familia ilihamia Double Bay, upande wa mashariki wa mji, ambako baba alikuwa na karakana yake kando ya maji. Huko ndiko Dally alikulia, akifanya kazi na baba yake na kucheza ragbi siku za mapumziko. Hakuwa mtu mrefu. Lakini alikuwa na mambo mawili ambayo watazamaji walikuwa hawajayazoea. La kwanza ni mguu wake: aliweza kuupiga mpira kutoka mbali sana, hata pembeni kabisa ya kiwanja, na kuupitisha katikati ya milingoti. La pili ni kwamba hakuna aliyejua atafanya nini akiwa na mpira. Mara anakimbia, mara anaupiga juu ya kichwa cha mpinzani na kuudaka mwenyewe upande wa pili. Katika mwaka wa 1907 alikuwa amekwisha kuingia katika ekipe ya taifa ya Australia ya ragbi ya wachezaji 15.

Pesa zinaingia, mchezaji hazimfikii

Kwa kuelewa uamuzi wa Messenger, inabidi kuangalia hali ya ragbi wakati ule. Sheria ya shirikisho ilikuwa moja: mchezaji halipwi. Sheria hiyo ilitoka Uingereza, na kule ilikuwa imekwisha kuleta mgawanyiko. Tarehe 29 mwezi wa nane 1895, katika hoteli moja mjini Huddersfield, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilijitenga na kuunda muungano wao. Wachezaji wao wengi walikuwa wafanyakazi wa migodi na viwanda. Wakienda kucheza siku ya Jumamosi, walipoteza mshahara wa siku hiyo. Klabu zilitaka kuwarudishia tu mshahara huo, wakuu wa London wakakataa. Muungano huo wa kaskazini uliendelea kubadilisha sheria zake kidogo kidogo, na mwaka wa 1906 ukapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13. Hivyo ndivyo ragbi ya 13 ilivyozaliwa.

Sydney nayo ilikuwa na malalamiko hayohayo. Wachezaji wengi walikuwa watu wa bandari, wa viwanda na wa karakana. Katikati ya mwaka wa 1907, jimbo la New South Wales lilipocheza na New Zealand, watu karibu 50,000 walilipa kiingilio. Pesa zote zilibaki kwa shirikisho. Katika kipindi hichohicho, mchezaji mmoja aitwaye Alex Burdon aliumia vibaya akiwa katika kazi ya ekipe. Hakuweza kufanya kazi yake ya kila siku, na hakupata msaada wowote kutoka kwa wale waliomtuma. Wenzake walilitazama jambo hilo na kujiuliza: kesho ni zamu ya nani?

Watu watatu walichukua malalamiko hayo na kuyafanya kuwa mradi. James Giltinan alikuwa mfanyabiashara. Victor Trumper alikuwa nyota wa kriketi, jina linalojulikana katika kila nyumba nchini Australia. Henry Hoyle alikuwa mwanasiasa aliyezoea kutetea wafanyakazi. Tarehe 8 mwezi wa nane 1907, katika hoteli ya Bateman iliyokuwa kwenye barabara ya George, katikati ya Sydney, waliunda ligi mpya pamoja na wachezaji waliokubali kuthubutu. Hoyle alikuwa rais, Giltinan katibu, Trumper mweka hazina.

Ligi hiyo ilikuwa na viongozi, lakini haikuwa na mtu wa kuvuta watazamaji. Kila mmoja alijua ni nani anayehitajika. Giltinan na Trumper walikwenda kumtafuta Messenger huko Double Bay. Inasimuliwa kwamba Dally hakutoa jibu mpaka mama yake alipokubali.

Hakuwa anacheza na jambo dogo. Shirikisho lilimfukuza kwa maisha yote na kufuta rekodi zake. Ilichukua miaka 100, hadi mwaka wa 2007, ili rekodi hizo zirudishwe. Kwa kijana wa miaka 24 asiyejua kama ligi mpya itamaliza hata msimu mmoja, kurudi nyuma hakukuwezekana tena.

Matokeo yalionekana mara moja. Mwezi huohuo wa nane, ekipe ya New Zealand ilipita Sydney ikielekea Uingereza. Ilikuwa imeundwa na Albert Baskerville, kijana mfanyakazi wa posta kutoka Wellington, na wachezaji wake walikuwa wamekubali kucheza kwa kugawana mapato. Ligi mpya iliandaa mechi tatu dhidi yao. Watu wapatao 20,000 walikuja katika mechi ya kwanza, na wengi walikuja kumuona Messenger. Jambo la kushangaza ni kwamba mechi hizo zilichezwa kwa sheria za zamani, kwa sababu kitabu cha sheria za ragbi ya 13 kilikuwa bado hakijafika Sydney.

New Zealand ilishinda zote tatu. Lakini Baskerville alivutiwa na Messenger kiasi kwamba alimuomba asafiri nao. Hivyo Mwaustralia mmoja alikwenda Uingereza ndani ya ekipe ya New Zealand, akajifunza mchezo mpya huko ulikozaliwa, na akawa mfungaji bora wa safari nzima.

Klabu tisa zaanza

Wakati Messenger yuko ng'ambo, wenzake Sydney walikuwa wanajenga. Katika mwezi wa kwanza na wa pili 1908, mikutano ilifanyika mtaa kwa mtaa, usiku, baada ya kazi. Glebe, Newtown, South Sydney, Balmain, Eastern Suburbs, Western Suburbs na North Sydney zilizaliwa katika wiki hizo chache. Ziliongezwa Newcastle, mji wa makaa ya mawe ulioko kilomita zaidi ya 150 kutoka Sydney, na Cumberland, iliyoingia mwishoni. Mpango ulikuwa rahisi: mchezaji anachezea mtaa anakoishi. Kwa sababu hiyo Messenger, mtu wa Double Bay, alikuwa wa Eastern Suburbs.

Mechi za kwanza zilichezwa tarehe 20 mwezi wa nne 1908, siku ya Jumatatu ya Pasaka. Katika kiwanja cha Wentworth Park, Eastern Suburbs iliifunga Newtown alama 32 kwa 16, na Glebe ikaifunga Newcastle 8 kwa 5. Katika kiwanja cha Birchgrove, South Sydney ilishinda North Sydney 11 kwa 7, na Balmain ikaiacha Western Suburbs bila alama hata moja, 24 kwa 0.

Msimu huo haukuwa mwepesi. Shirikisho la zamani lilikuwa bado na majina makubwa zaidi na viwanja bora. Mwezi wa tano pigo lingine likaja: Baskerville, akiwa njiani kurudi kwao, aliugua kichomi na kufariki mjini Brisbane akiwa na miaka 25.

Tena ligi ilijinyang'anya yenyewe wachezaji wake. Katikati ya mwezi wa nane, Giltinan aliondoka kwenda Uingereza na ekipe ya kwanza ya taifa, iliyoitwa Kangaroos, Messenger akiwa ndani. Fainali ya kwanza ya klabu ilichezwa tarehe 29 mwezi huo bila yeye. South Sydney iliishinda Eastern Suburbs alama 14 kwa 12, mbele ya watu karibu 4,000 tu.

Safari ya hasara

Kangaroos walifika Uingereza wakati mbaya. Viwanda vya pamba vilikuwa na mgogoro, wafanyakazi hawakuwa na pesa, na baridi ilikuwa kali. Messenger aliongoza ekipe kama kapiteni katika mechi ya kwanza ya kimataifa, mjini London, tarehe 12 mwezi wa 12, iliyoisha kwa sare ya 22 kwa 22. Lakini viwanja vingi vilikuwa vitupu. Mwishoni pesa za tiketi za kurudi hazikuwepo, na ni wenyeji Waingereza waliosaidia kuwalipia safari. Wachezaji kadhaa walibaki huko kuchezea klabu za Kiingereza. Klabu nyingi zilimtaka Messenger pia, lakini yeye hakupenda kuishi mbali na nyumbani. Alirudi.

Giltinan alirudi akiwa amefilisika. Mwaka wa 1909, yeye, Hoyle na Trumper waliondolewa katika uongozi wa ligi waliyoianzisha wenyewe, huku wakilaumiwa kuhusu hesabu za pesa.

Ligi iliokolewa na mfanyabiashara mmoja, James Joynton Smith. Alitoa pesa zake ili wachezaji wa ekipe ya taifa ya ragbi ya 15, waliokuwa wameleta medali ya dhahabu kutoka Olimpiki ya London ya 1908, wahame na kucheza dhidi ya Kangaroos. Wachezaji 14 walikubali. Watazamaji walirudi. Lakini hata hapo haki haikukosa kuwa na walalamikaji: fainali ya klabu ya 1909 iliwekwa kuwa mechi ya utangulizi kabla ya moja ya mechi hizo. Balmain ilikataa kucheza. South Sydney iliingia kiwanjani peke yake, ikafunga, na kutangazwa bingwa.

Ubingwa mara tatu

Kuanzia hapo njia ilinyooka. Mwaka wa 1910 Waingereza walikuja Sydney, na mechi ya kwanza ya kimataifa ilivuta watu zaidi ya 40,000. Mwaka uliofuata ulikuwa wa Messenger. Aliiongoza Eastern Suburbs kuchukua ubingwa wake wa kwanza, na klabu ikaurudia mwaka wa 1912 na wa 1913. Kwa kushinda mara tatu mfululizo, klabu ilipewa ngao ya mashindano iwe mali yake moja kwa moja. Wachezaji waliamua kumpa kapiteni wao. Mwisho wa 1913, Messenger alistaafu.

Maisha baada ya kiwanja

Hadithi ingeishia hapo kama ingekuwa ya utajiri. Haikuwa. Messenger aliendesha hoteli. Alijaribu shamba la ndizi huko Buderim, katika jimbo la Queensland, nalo likashindikana. Hatimaye alirudi kwenye kazi aliyojifunza utotoni, kazi ya mbao, akawa seremala wa serikali. Miaka yake ya mwisho alipewa makao katika klabu ya ligi mjini Sydney. Alifariki Gunnedah, tarehe 24 mwezi wa 11, 1959, akiwa na miaka 76.

Kati ya klabu tisa za mwaka wa 1908, mbili tu bado zinacheza peke yake katika daraja la juu: South Sydney na Eastern Suburbs, inayoitwa leo Sydney Roosters. Balmain na Western Suburbs ziliungana. Nyingine zilishuka au kutoka, Cumberland ikiwa imedumu msimu mmoja tu. Tangu mwaka wa 1951, Giltinan, aliyefukuzwa, ana ngao yenye jina lake.

Wachezaji wa ligi hiyo wa leo wana mikataba, bima na madaktari. Messenger hakupata hata kimoja cha hivyo vitatu. Kile alichokuwa nacho ni jina lake tu, na mwaka wa 1907 alilitoa lote kwa ajili ya ligi ambayo bado haikuwa na kiwanja wala kitabu cha sheria.